Babu, sabufa na spika za kwenye rafu

Haya wasomaji wangu, nimerudi. Najua nimeadimika. Wapo walionitumia ujumbe wakidhani nimehamia Dar kama wenzangu wote niliosoma nao. Sijahama. Nipo Bariadi hapa hapa, si mbali na Somanda, na kilichonipoteza wiki zote hizo ni spika. Naam, spika! Ukianza kuulizia spika katika mji huu unajikuta umefika kwenye pamba, kwenye Radio Tanzania, kwenye vita ya Kagera, na mwisho kwenye chumba cha Mmarekani mmoja mwaka 1954. Vuta kiti, kahawa mimina mwenyewe.

Mambo yalianza hivi. Mama yangu anakaa kijijini, Itilima. Mwezi wa sita alikuja mjini kupima macho, na kwenye mkoba wake, katikati ya khanga na karanga mbichi, alikuwa na kaseti ya dakika 60, maandishi yake yamefutika. Ndani yake yumo babu, baba yake mama, akiimba. Babu alikuwa kiongozi wa wimbo katika kundi la kulima kwa ngoma, bugobogobo kama tunavyoiita Usukumani. Alirekodiwa jikoni kwake na mjomba mwaka 1987, na miaka miwili baadaye akafariki. Hakuna sauti yake nyingine duniani. Mama alitaka jambo moja tu. Katikati ya wimbo babu anataja jina, na mama tangu zamani anaamini ni jina la dada yake mkubwa, aliyefariki akiwa mdogo, ambaye babu hakuwahi kumtaja tena kwa mdomo wake. Mjomba anabisha, anasema ni jina la mlima. Wamebishana tangu kabla sijazaliwa.

Mimi kijana wa mjini nikasema, mama, hiyo ni kazi ndogo. Nina sabufa! Nikachomeka waya kutoka kwenye redio kaseti ya kuazima, nikafungulia. Jamani. Dum, dum, dum, bati likatetemeka, mtoto wa jirani akaanza kucheza. Maneno? Hata moja. Mama alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho wa upande A, halafu akasema: "Mwanangu, hilo dude lako linakula maneno ya baba yangu."

Niliona aibu. Boksi la sabufa yenyewe limeandikwa wati 12,000. Nikajiuliza, inakuwaje mashine ya wati 12,000 ishindwe kutamka neno la Kisukuma?

Tuanze mbali kidogo. Kabla ya redio, muziki wa kwenye mashine ulikuwa santuri na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, na huku kwetu kitu chochote kizito cha namna hiyo kilikuwa na njia moja ya maana ya kufika: reli ya kutoka Tabora, iliyoingia Mwanza mwaka 1928 ikipitia Malampaka, ambayo leo iko wilaya ya Maswa. Gramafoni ilikuwa ya mwenye duka, ya mmisionari, ya karani. Mkulima aliisikia akipita.

Redio nayo ilichelewa. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na jina lenyewe linakuambia ilikuwa inaongea na nani. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji Tanganyika, na mwaka 1965 serikali ikalichukua na kuliita Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, ile ya wazee wetu. Majirani walitutangulia kwa wazo moja zuri. Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, mwaka 1949 ilianza kuuza redio ya bei nafuu ya betri kwa Waafrika, ya duara, yenye rangi ya buluu, ambayo gamba lake lilitokana na sufuria. Watu wakaiita redio ya sufuria. Bei yake ilikuwa pauni 5, na betri yake ilidumu kama saa 300. Mtu alikaa chini na kujiuliza: mkulima asiye na umeme asikilize nini, na kwa shilingi ngapi? Swali hilo hilo ndilo lililonisumbua mimi miaka zaidi ya sabini baadaye, ila mimi umeme ninao. Unakatika, lakini ninao.

Sisi kwetu jibu lilikuwa pamba. Vijana wa siku hizi tunaisikia pamba kama habari ya hasara na bei kuporomoka, lakini miaka ya 1950 Usukuma ilikuwa inanunua vitu. Ushirika wa wakulima, ule Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Victoria uliosajiliwa mwaka 1955 na kuongozwa na Paul Bomani, ulikuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Mkulima alipima pamba, akalipwa, akanunua ng'ombe kwanza (Msukuma ni Msukuma), kisha baiskeli, kisha redio. Mwaka 1966 Wajapani wa Matsushita wakafungua kiwanda Dar es Salaam cha betri na redio za National. Babu alinunua National yake kwa fedha ya pamba mwaka mama alipoingia darasa la kwanza. Mama anasema ilifunikwa kitambaa cha kufuma na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa. Betri zikichoka zilianikwa juani juu ya bati pamoja na mihogo, zikapata nguvu ya nusu saa nyingine. Kama ulikulia kijijini unacheka sasa hivi, maana nanyi mlifanya.

Redio moja ilikuwa ya kijiji kizima. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na mamilioni ya watu nchini walikaa katika vikundi kuzunguka redio kusikiliza mafunzo ya vyoo, maji na malaria, kisha wakajadili. Mwaka 1978 Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa vita dhidi ya Idi Amin, watu walimsikia kwa vyombo hivyo hivyo. Na jioni zilikuwepo salamu za Ugua Pole, na Mazungumzo Baada ya Habari ya Paul Sozigwa, na muziki: NUTA Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe.

Hapa nisimame kidogo, maana hapa ndipo nilipopata kitu ambacho sikukitegemea. Wazee wetu wengi, kwenye redio zao, hawakulisikia vizuri gitaa la besi la Morogoro Jazz. Lilipigwa, lilirekodiwa, lipo kwenye mkanda. Lakini redio ya babu ilikuwa na spika moja yenye upana wa kiganja, ndani ya boksi jembamba, ikipokea matangazo kwa masafa mafupi ambayo yenyewe hayabebi sauti nyembamba sana wala nzito sana. Kilichobaki ni katikati. Na katikati, ndugu msomaji, ndiko anakokaa binadamu anayeongea! Redio ya babu haikuwa na besi, haikuwa na mng'aro, lakini ilikuwa na maneno. Ndiyo maana mama anakumbuka beti nzima nzima za zilipendwa ambazo mimi, mwenye wati 12,000, nakumbuka kiitikio tu.

Na Wasukuma ni watu wa maneno katika nyimbo. Ngoma zetu, Bagika kwa Bagalu, ni mashindano. Wanashindana kwa kucheza, kwa dawa (wanavyosema wenyewe), na kwa mtunzi kumshinda mtunzi mwenzake kwa ulimi. Mwalimu Elias Songoyi aliandika tasnifu mwaka 1988 akiwalinganisha watunzi wawili na serikali yao, Kalikali wa Usukumani na Mwinamila wa Tabora. Huandiki tasnifu juu ya dum dum. Frank Gunderson, Mmarekani, mwaka 2010 alichapisha kitabu kikubwa chenye mamia ya nyimbo za kazi za Wasukuma, za kulima, za kubeba mizigo, za uwindaji. Ukiondoa maneno katika wimbo wa kulima umebaki na watu wanaopiga jembe.

Lakini nyimbo hizo zilikaa wapi? RTD ilirekodi ngoma za asili, hilo lazima tuliseme kwa haki, lakini lugha ya redio ilikuwa Kiswahili, na siasa ya kujenga taifa ilitaka iwe hivyo. Viwanda vya santuri vilikuwa Nairobi, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mpaka ukafungwa. Kiongozi wa wimbo wa Itilima angefika studio gani? Aliyemwokoa ni Mholanzi ambaye hakumjua. Kaseti ilibuniwa na timu ya Lou Ottens katika kampuni ya Philips na ikaonyeshwa Berlin mwaka 1963. Ilipofika kwetu ndani ya redio kaseti za miaka ya 1980, kwa mara ya kwanza mtu wa kijijini aliweza kubonyeza vitufe viwili na kumweka baba yake kwenye kasha. Mjomba alifanya hivyo. Kwa nyuma unasikia kuku.

Baadaye mambo yalikwenda mbio. Biashara ya nje ilianza kulegezwa mwaka 1984, redio za watu binafsi zikaja miaka ya 1990, simu zikaja, kaseti zikatupwa. Mwaka 2012 sisi tukatolewa Shinyanga tukawa mkoa wa Simiyu, Bariadi ikawa makao makuu, lami ikafika, maduka yakajaa. Na sabufa ikaingia. Leo ukipita sokoni Bariadi kila duka la vifaa vya umeme limeweka sabufa mlangoni, taa zinawaka kijani na nyekundu, Bhudagala anaimba kutoka kwenye flashi. Siwalaumu wauzaji. Watu wamenyimwa besi miaka sitini, wakapewa, wakashiba mpaka wakavimbiwa. Mimi nikiwemo.

Sasa zile wati 12,000. Nilimpelekea fundi wangu wa redio sabufa na swali. Alifungua, akanionyesha transfoma ndogo kama ngumi, akasema: "Wati elfu kumi na mbili zinapita hapa? Hiyo ingewasha mtaa." Kumbe zile herufi za PMPO kwenye boksi ni namba ya kibiashara, haina kipimo kinachokubalika. Namba ya kutafuta ni ile inayoandikwa RMS. Tena, kuongeza wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, ambazo sikio huzisikia kama nyongeza ndogo. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa mara mbili unahitaji wati kama mara kumi. Katika chumba changu cha mita tatu kwa nne, spika ya kawaida inayotoa desibeli 85 kwa wati moja inanitosha kwa wati mbili au tatu! Nyingine zote ni za kumsumbua jirani.

Basi nikaanza kutafuta spika mbili ndogo za kawaida, zile wanazoziita za rafu ya vitabu, na nikataka kujua zilitoka wapi. Spika yenyewe ya koni na sumaku, aina tuliyonayo mpaka leo, ilielezwa na Wamarekani wawili, Rice na Kellogg, mwaka 1925. Kwa muda mrefu kanuni ilikuwa moja: ukitaka besi nzuri, tafuta boksi kubwa kama kabati la nguo. Mwaka 1954 mwalimu mmoja aitwaye Edgar Villchur, pamoja na kijana aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, Henry Kloss, wakaanzisha kampuni ya Acoustic Research huko Cambridge, Massachusetts, na kutengeneza spika ya AR-1. Wazo lake linaeleweka hata kwa mtu wa pampu ya baiskeli. Ziba tundu la pampu kwa kidole, sukuma: hewa inakurudisha. Villchur aliziba boksi dogo kabisa hewa isitoke, akaweka koni laini inayolegea, na hewa iliyofungwa ndani ikawa ndiyo springi ya kuirudisha koni. Boksi likapungua mara kadhaa, besi ikabaki. Alipata hataza yake mwaka 1956. Muziki mzuri ukaondoka kwenye kabati ukapanda kwenye rafu, nyumba za kupanga zikaingia kwenye mchezo. Gharama yake ni kwamba boksi dogo lenye besi linataka nguvu zaidi ya ampi. Bure hakuna.

Lakini iliyonigusa ni ya Waingereza. Miaka ya 1970 wahandisi wa BBC walihitaji spika ya kuweka ndani ya magari ya matangazo ya nje, mahali ambapo fundi mitambo anakaa amebanana kama kwenye hiace ya Lamadi. Wakatengeneza LS3/5A, kiboksi cha sentimita 30 kwa 19 hivi. Hakikukusudiwa kupiga disko. Kazi yake kubwa ilikuwa fundi asikie kama sauti ya mtangazaji ni ya binadamu kweli au imeharibika njiani. Nikasema, hiyo ndiyo kazi yangu! Bei yake leo usiulize, ni bei ya ng'ombe, tena si mmoja.

Nilichopata mimi ni hiki. Kuna spika mpya zenye ampi ndani, kama Edifier R1280T, wati 42 za RMS kwa jumla, koni ya inchi nne na twita, ambayo kwa mwenye fedha ni njia fupi isiyo na maumivu ya kichwa. Mimi fedha hizo sikuwa nazo. Nilikwenda Mwanza, nikazunguka kwa wauza mitumba ya vifaa, nikapata spika mbili za Kijapani zilizotengana na redio yake, za mbao, kwa shilingi 70,000. Fundi alikuwa amenifundisha. Kwanza bonyeza koni taratibu kwa vidole vyote, ikikwaruza achana nayo. Pili angalia ukingo unaoishika koni: ukiwa wa sponji, baada ya miaka ishirini ya joto unamumunyuka kama mkate wa jana, bora wa mpira au kitambaa. Tatu, chukua betri moja ya redio, gusisha waya mbili: lazima usikie "tak" na koni iruke mbele. Ikirudi nyuma, waya umegeuza. Ukifunga moja sawa na nyingine kinyume, besi inapotea na mwimbaji unamsikia yuko kila mahali na hayuko popote. Muuzaji aliniangalia nilivyotoa betri mfukoni, bei ikashuka elfu tano hapo hapo. Ampi ndogo ya kisasa, ya ukubwa wa sabuni ya kipande, niliagiza kwa shilingi 45,000.

Nyumbani nilijifunza mengine ambayo duka halikuambii. Chumba cha sakafu ya saruji, ukuta mtupu na bati lisilo na dari ni pango. Nilitundika blanketi nyuma ya kiti, nikatandika mkeka, nikazisogeza spika nusu mita kutoka ukutani, usawa wa masikio, zikinitazama. Tofauti ilikuwa kubwa kuliko tofauti ya spika na spika. Na kaseti ina siri yake: fundi alisafisha hedi kwa spiriti, kisha akazungusha kiskrubu kidogo kinachoiinamisha, robo kwa robo, mpaka sauti ya babu ikafunguka kama mtu aliyetoa mkono mdomoni. Hapo hapo nilinakili kwenye kompyuta na kwenye flashi mbili. Wewe mwenye kaseti ya bibi kabatini, usisubiri. Fanya mwezi huu.

Mama alirudi mwezi wa nane, wakati wa Nanenane, mji umejaa wageni wa Nyakabindi. Nilimkalisha kwenye kiti, katikati ya zile spika. Mjomba naye alikuja, amevaa koti. Nikafungulia kwa sauti ya chini.

Kuku walilia kwanza. Halafu babu akakohoa, akaanza. Ilikuwa kama amekaa kati ya spika mbili, juu kidogo ya rafu, pale ninapoweka kamusi. Tulifika penye jina. Mjomba alifumba macho. Mama akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Akasema tena rudisha. Mara ya tatu mimi mwenyewe nilisikia: si mlima. Ni jina la mtoto, na mbele yake kuna neno ambalo kwa kaseti ile na kwa masikio yetu yote miaka yote hiyo lilikuwa uvumi tu, neno la kumwita mtu arudi nyumbani jua likizama.

Mjomba alisema, "Basi." Mama hakusema kitu. Alikaa mpaka upande A ukaisha, akainuka, akauliza maji ya ugali yamechemka au bado.